Mtoto wa Shuka

"Leo huyu mzito," dada alisema.

Alisema bila kulalamika, huku akiegemeza kiwiko kwenye mkono wa kiti, na mdogo wake hata hakuinua uso kutoka kwenye karatasi. Nani wa kumlaumu? Mkalishe mwanamke wa miaka sitini na mitatu kwenye kiti cha mbao tangu saa tatu asubuhi, hata unyoya atakwambia ni jiwe. "Vumilia kidogo, dada, namalizia mkono," mdogo mtu alijibu, na kipande cha mkaa kikaendelea kukwaruza karatasi.

Majirani walimwita Makaa, kwa ajili ya vidole vyake ambavyo havikuwahi kutakata hata siku za harusi za watu. Alikuwa mchoraji, na tuseme ukweli, mchoraji aliyechoka. Mgongo umechoka, macho yamechoka, na ule moyo wa zamani wa kuamka alfajiri kuwahi mwanga, huo ulishachoka siku nyingi. Alichobakiwa nacho ni mazoea ya mkono na dada yake. Mama yao alikufa Makaa akiwa na miaka miwili, dada akiwa na kumi na minne. Dada akambeba mgongoni, akaacha shule, akakataa wachumba wawili waliosema wanamtaka yeye bila kile kitoto. Hakuzaa. Na Makaa, hebu tusimfiche, hakuwahi kukaa chini akajiuliza dada yake alikuwa akitaka nini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kazi waliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi alitaka picha ya kutundika ukumbini wanakosubiri akina mama: mwanamke kakaa kitini, kampakata mtoto mchanga, picha ndefu kuliko mlango. "Nataka mtu akiitazama mabega yashuke," mkunga alisema. "Wanaingia pale wamekakamaa kwa hofu, masikini."

Sasa picha ya namna hiyo haianzi na rangi. Inaanza na vikaratasi. Kwanza Makaa alichora umbo zima, dogo kama kiberiti, mara tano, sita, mpaka akajua mwanamke akae upande gani. Kisha mikono peke yake. Kisha bega na shingo. Kisha mikunjo ya nguo, kwa maana nguo ndiyo inayoumbua wachoraji wengi. Kisha mwanga na kivuli. Mwisho mchoro mmoja mkubwa uliogawanywa kwa miraba, ili kila mraba uhamishwe mahali pake kwenye turubai. Michoro yote hiyo ni maswali, brashi ikianza kazi isiulize tena.

Mtoto ndiye alikuwa taabu. Mtoto mchanga hajui kutulia kwa saa tatu, na mama gani atakuazima wake? Basi Makaa alikunja taulo nene, akaiviringishia shuka nyeupe, akafunga kwa kamba mahali pa shingo, akampa dada. "Haya, shika mwanao."

Dada alicheka sana siku hiyo. "Hana hata pua, maskini. Kafanana na baba yake."

Mzee aliyemfundisha Makaa kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na masharti mengi, nusu yake hayana kichwa wala miguu. Mojawapo lilikuwa hili: kitu chochote ulichokiweka mahali pa mwili, kazi ikiisha kifungue. Wiki ya kwanza Makaa alilifuata. Kila adhuhuri alifungua shuka, akaikung'uta, akaitundika. Lakini kila asubuhi akifunga upya, mikunjo inakataa kulala ilivyolala jana. Mchoro wa tatu haukubaliani na wa nne, kivuli kimekimbilia kwingine, kazi ya siku nzima imeharibika. Wiki ya pili alichoka. Alikilaza kile kifurushi kitini kama kilivyo, akakigonga kwa kidole cheusi, akasema kwa mzaha, "Lala hapo hapo wewe. Usihame mpaka nikwambie."

Hakukifungua tena.

Siku dada aliposema ni mzito, Makaa alikuwa kwenye mchoro wa kumi na moja. Jioni alibandika michoro yote ukutani kwa mpangilio, kama kawaida yake, akasimama mbali kuitazama. Kuna jambo lilimkera. Akachukua kijiti anachopimia, akapima. Katika mchoro wa sita kifurushi kilianzia kwenye kiwiko cha dada na kuishia kwenye kifundo cha mkono. Katika wa kumi na moja kilikuwa kimepita kifundo kwa vidole viwili, na kiwiko chenyewe kimeshuka. Akapima tena. Alijijua vizuri: katika maisha yake angeweza kukosea mengi, lakini vipimo hakosei. "Umri huo," alijiambia, akaenda kuosha mikono.

Halafu ikaja harufu. Chumba cha kazi siku zote kilinuka tapentaini, ukiingia tu inakukamata puani. Sasa chini yake kulikuwa na kitu kitamu kidogo, cha uvuguvugu, halafu chachu. Makaa alinusa matambara yake, akanusa ndoo, akainamia chini ya meza kutafuta panya aliyekufa. Hakuna. Alipomwinamia dada kumrekebisha ukosi, ndipo ilipomjaa puani. Maziwa. Maziwa ya mama.

Akarudi kwenye karatasi. Mtu aliyechoka ana ujanja wake wa kutoona. Lakini mchana ule, baada ya kula, alikuwa amejinyoosha chumba cha pili, mvua ikitishia na nyumba imeingia kiza kabla ya wakati, akasikia upande wa pili wa pazia sauti ndogo, ya kunyonya, inayoacha na kuanza, inayoacha na kuanza, na kila ikiacha kuna pumzi inavutwa puani kwa haraka kama ya kiumbe kisichotaka kupoteza muda. Akainuka. Akafunua pazia. Dada alikuwa kitini, saa ambayo hakuna aliyemwita kitini, kifurushi kifuani, na mbele ya blauzi yake kulikuwa na duara mbili zilizolowa.

"Dada," alinong'ona. "Kazi ilishakwisha tangu saa sita."

"Shh." Dada hakugeuka. "Ndiyo kwanza kapata usingizi."

"Nani?"

Dada akamtazama kama mtu anayemtazama mpumbavu aliyemzoea. Uso wake ulikuwa umechoka vibaya, mashavu yamebonyea, lakini kwenye macho kulikuwa na kitu ambacho Makaa hakuwahi kukiona pale tangu azaliwe. Dada alikuwa na furaha.

Kesho yake Makaa alisema kazi ivunjwe, wapumzike siku mbili. Dada akaja kukaa kitini kwa hiari yake, akampakata yule wa shuka, akasubiri. Na Makaa, mwenye tarehe ya kukabidhi kichwani na mazoea mkononi, akachukua mkaa. Huu ulikuwa mchoro wa ishirini, wa mikunjo ya upande wa chini. Mkono wa mchoraji mzoefu haufikiri. Unafuata jicho, na jicho linafuata kilichopo. Alichora mkunjo mmoja, wa pili, akatia kivuli, akarudi nyuma hatua tatu kutazama, na hapo ndipo alipoona kuwa alichochora chini ya shuka, kilichokuwa kikiisukuma shuka kwa ndani kama mtu anavyosukuma mlango kujua kama umefungwa, kilikuwa unyayo mdogo wenye vidole vitano, akainua macho taratibu kuutazama mguu wenyewe, na mkunjo ule ukarudi ndani.

"Mbona umeacha?" dada aliuliza. "Endelea. Anapenda ukimchora."

Hapo mwenye akili angechoma kila kitu. Loo, rahisi kusema. Makaa alijipa mawazo ya mtu aliyechoka: nikimaliza, litaisha. Akafanya mchoro mkubwa, akaugawa miraba, akauhamishia kwenye turubai, akaanza rangi. Kwa siku sita alipaka kiti, nguo, mikono. Palipokuwa uso wa mtoto aliacha yai jeupe, tupu, kwani hakuwa na uso wa kuweka. Rangi nyingine zote zilikauka. Ile nyeupe haikukauka. Kila asubuhi alipoigusa ilikuwa mbichi na ya uvuguvugu, na asubuhi ya sita ilikuwa imebonyea kidogo mahali pawili, panapostahili kuwa na macho.

Asubuhi hiyo hiyo dada hakuweza kusimama. Makaa alimwinua kwa makwapa, akakuta ana uzito wa mtoto wa shule. Kwenye blauzi, zile duara mbili hazikuwa nyeupe tena. Zilikuwa na wekundu.

"Dada, huyu anakumaliza."

"Najua." Sauti ilikuwa ndogo. "Watoto wote humaliza mtu, mdogo wangu. Wewe unadhani wewe ulikuwa vipi?"

Makaa alitoka mbio bila kufunga mlango.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na mtengeneza saa. Watu walimpelekea saa zilizosimama, na wengine, wakiwa wamejifunika nyuso, walimpelekea mambo mengine. Alikuwa mtu mnene, mkali, mwenye maumivu ya magoti, na alikuja akinung'unika njia nzima, na kioo chake cha kutazamia saa bado kimemning'inia shingoni. Alipoingia hakumtazama dada. Alitazama ukutani. Akakipachika kile kioo jichoni, akasogea kutoka mchoro wa kwanza hadi wa mwisho, taratibu, na kadiri alivyosogea kijasho chembamba kilimtoka shingoni.

"Mingapi?" aliuliza.

"Ishirini na mitatu."

"Ebo! Mtu hukaribishwa mara moja tu akaja. Wewe umemkaribisha mara ishirini na tatu, na kila mara umempanulia chumba." Akafuta jasho. "Hiki kijini kidogo, bibie, kijini koko, hakina hata jina. Kimezunguka huko nje hakina pa kukaa. Kimekuta umbo limefungwa vizuri, mlango wazi, na mwenye nyumba anakiambia kisihame. Wewe ungehama?"

"Kinatokaje?"

"Kilivyoingia, kinyumenyume. Futa huo wa mwisho, rudi mpaka wa kwanza, usiruke hata mmoja. Turubai utaikwangua baadaye, hiyo bila michoro ni mbao na kitambaa tu. Ukifika wa kwanza, aliyekibeba akifungue kwa mikono yake. Si wewe, si mimi. Yeye." Akamshika Makaa mkono, akashusha sauti. "Na nisikilize. Kikibanwa kitatafuta pengine pa kuingia, na hakiingii bila ahadi. Kitalia, kitabembeleza, kitasema kwa mdomo wa yeyote. Usikiahidi kitu. Humu ndani asitokee mtu akasema nitafanya hivi au vile, kwa mtu yeyote. Umesikia? Huruma yako iweke mfukoni."

"Nimesikia."

Mkaa haufutwi kwa mpira, unachafua. Wachoraji hufuta kwa mkate, ile nyama laini ya ndani, wanaiminya iwe kidonge na kukigandamiza juu ya mstari. Makaa alivunja mkate, akaanza. Mchoro wa ishirini na tatu ukaondoka. Wa ishirini na mbili. Fundi saa alisimama kati yake na dada, akisoma kwa sauti ya chini maneno yasiyo na pumziko. Kwenye wa ishirini, ule wa unyayo, kifurushi kikaanza kulia.

Kililia kama mtoto yeyote. Hilo ndilo lilikuwa baya. Hakikunguruma wala hakikubadilika sauti, kililia kilio cha njaa na baridi, kilio ambacho kila mtu duniani ameumbwa akimbilie, na Makaa aliminya mkate na kufuta, akaminya na kufuta, vidonge vyeusi vikimjaa miguuni, na nyuma yake akamsikia dada akibembeleza, "Yaishe, yaishe, wanatania tu," huku kile kilio kikipanda mpaka vioo vya dirisha vikaimba na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumba mpaka fundi akakohoa katikati ya maneno yake lakini hakuacha. Wa kumi na moja. Wa saba. Kifurushi kilikuwa kimefupika, kimerudi hadi kwenye kifundo cha mkono. Wa nne. Wa pili. Wa kwanza, mdogo kama kiberiti, ukafutika kwa mguso mmoja.

Kimya.

"Sasa, bi mkubwa," fundi alisema. "Fungua kamba."

Dada akatikisa kichwa.

"Fungua, mama yangu. Unakufa."

"Ng'o!" Alikumbatia shuka kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. "Nimebeba vya watu miaka yote. Mdogo wangu nikampeleka shule, nikamnunulia karatasi, nikamfulia huo weusi wake. Nimekaa kwenye kiti hiki wiki tano kwa sababu ni yeye aliyeniambia nikae. Huyu ndiye wa kwanza kuja kwangu. Nimechoka, najua nimechoka. Lakini ni uchovu wangu mwenyewe."

"Dada, na mimi je?" Makaa alilia. "Ulinibeba mimi. Mimi si nilikuwa wako?"

"Ulikuwa. Ukakua, ukashuka." Dada alimtazama, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni. "Toka siku ile hakuna aliyenigusa, mdogo wangu, ila kunigeuza kidevu nikae vizuri. Nikimwacha huyu nitabaki na nini? Nani atanibeba mimi?"

Kama kuna mtu angeweza kunyamaza pale, basi huyo si binadamu. Makaa alipiga magoti mbele ya kiti, akashika miguu iliyovimba ya dada yake, na aibu ya miaka arobaini na tisa ikampanda kwa mkupuo.

"Mimi," alisema. "Mwache, dada. Nitakubeba mimi."

Fundi aliacha kusoma.

Lakini tazama: dada aliachia tabasamu, akavuta kamba, kamba ikafunguka. Akaikunjua shuka, akaikunjua taulo, akazikung'uta zote mbili hewani. Hakukuwa na kitu. Harufu ilikata palepale, tapentaini ikarudi. Makaa alimkumbatia dada akicheka na kulia, akamwambia fundi ameona, limekwisha, Mungu mkubwa. Fundi alikusanya vitu vyake polepole, akakataa kukaa, akakataa maji. Mlangoni aligeuka akamtazama yule mwanamke mzee aliyelaza kichwa begani pa mdogo wake, kidole gumba chake kikiwa karibu na mdomo.

"Nilikwambia mfukoni," alisema, akaenda zake akichechemea.

Miezi miwili baadaye, mkunga mkuu alikuja mwenyewe kuchukua picha, maana alishachoka kutuma ujumbe usiojibiwa. Alipofunuliwa kitambaa aliitazama kuanzia juu hadi chini, na mabega yake, ni kweli, yakashuka.

"Umebadilisha mama," alisema hatimaye. "Ulisema utamchora dada yako. Huyu si wewe?"

"Nilitumia kioo." Makaa alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Alikuwa amekonda mpaka nguo zinamning'inia.

"Uchovu wake ndio mzuri. Akina mama wangu watajiona. Na mtoto!" Mkunga alisogea karibu, akacheka kwa upendo. "Wengi huwachora wamenona kama maputo. Wewe umeona kweli. Watoto wachanga wote wana nyuso za vizee, makunyanzi matupu. Huyu ulimpata wapi wa kumchora? Alitulia?"

"Akiwa kwenye mapaja yangu anatulia."

Mkunga alikuwa bado akiitazama picha, pazia la chumba cha ndani likatikisika. Sauti iliyotoka nyuma yake ilikuwa nzito, ya mwanamke mtu mzima, iliyokwaruzwa na umri.

"Mama," iliita. "Mamaa."

Mkunga akageuka. "Kuna nani?"

"Dada yangu," Makaa alisema. Alifuta mikono yake myeusi kwenye sketi, akavuta pumzi, akaanza kufungua vifungo vya blauzi huku akielekea kwenye pazia.

"Nakuja," alisema. "Nakuja, mwanangu."